Mashosti wangu wananiharibia tamasha la filamu: niende nao tena au niwatoroke?

Shikamoo Shangazi,

Pole na kazi ya kusoma mambo ya watu. Langu si la ndoa wala la mawifi, kwa hiyo ukiona ni dogo niambie tu.

Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Mbagala, nauza kwenye duka la dawa. Ugonjwa wangu ni filamu. Sizungumzii zile za kuwasha televisheni huku unachambua mchicha. Mimi nikikaa nimekaa, naangalia mpaka majina ya mwisho yapite yote, na nikitoka hapo nataka mtu wa kuijadili naye mpaka usingizi utuchukue. Nyumbani wameshanizoea.

Nina mashosti watatu, tumetoka wote chuo. Mmoja anafundisha shule ya msingi, mmoja ana saluni Kinondoni, mwingine yuko benki. Si marafiki wa mdomoni. Baba alipofariki walilala kwetu mpaka tulipoanua tanga, na huyo wa benki, pamoja na kucha zake, ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri kuosha masufuria. Nakueleza haya usije ukanijibu niwaache.

Mwaka jana niliwabembeleza twende Zanzibar kwenye ZIFF, lile tamasha la kimataifa la filamu. Mpango ulikuwa tuvuke Ijumaa, Jumamosi kutwa tuwe kwenye tamasha, Jumapili turudi. Mimi ndiye niliyekata tiketi za boti za watu wote, nikalipia chumba cha vitanda vinne kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, nikachapisha na ratiba nikaipiga mistari kwa kalamu ya kijani: asubuhi filamu fupi, kisha filamu ya makala, mchana mazungumzo na watengenezaji, alasiri filamu ndefu, usiku onyesho kubwa la Ngome Kongwe. Kila mmoja nilimpa nakala yake. Ya yule wa saluni niliikuta baadaye imefungiwa karanga.

Asubuhi tulichelewa kwa sababu ya kope. Kope za kubandika, Shangazi! Kibao kimoja cha kioo, watu watatu wanagombania mwanga wa dirisha. Tulipofika filamu ya kwanza ilishaanza, tukaingia gizani na tochi za simu, yule wa saluni anauliza kwa sauti, "Tukae wapi sasa, mbona pamejaa?" Watu wote wakageuka. Kwenye filamu ya makala mwalimu alilala, na kulala kwake si kwa kimya. Wa benki alikuwa anajibizana na filamu: "Usiende huko we baba, utajuta!" Mzungu mmoja mbele yetu aligeuka mpaka nikajifanya sipo nao.

Halafu mazungumzo na watengenezaji. Nilikuwa na swali langu nimeliandika vizuri, kuhusu mwanga na uchaguzi wa mandhari. Kabla sijanyanyua mkono, yule wa saluni keshasimama: "Mimi nauliza, yule dada mmemuua kwa nini? Kosa lake nini?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Alasiri wakasema wamechoka kukaa gizani, wanakwenda kupiga picha. Sawa, tukaahidiana tukutane Forodhani saa kumi na mbili. Nilisimama pale kwenye juisi ya miwa mpaka muuzaji akaanza kunionea huruma. Simu zao zimezimika chaji kwa ajili ya hizo picha. Walipotokea wanacheka kama hakuna kilichotokea. Tukala, mishikaki, urojo, zile pizza za Zanzibar, na hesabu ilipokuja wa benki akasema kwa utani, "Alipe mwenye safari yake." Wenzake wakacheka. Nililipa, lakini utani ule haukushuka.

Usiku ndiko kulikomaliza. Filamu niliyoisubiri wiki nzima, wao walikaa nusu yake wakalalamika ngazi za kukalia zina baridi, zinaumiza makalio, wakaondoka. Mimi nikabaki peke yangu mpaka mwisho. Kurudi nyumba ya wageni nilipotea kwenye vichochoro, naona mlango uleule kila nikikata kona, moyo unanienda mbio, mpaka mzee mmoja aliyekuwa barazani akanielekeza. Kesho yake kwenye boti hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Baadaye mambo yalipoa yenyewe. Hatukuyazungumza. Wa saluni mpaka leo hajanilipa elfu arobaini ya kitanda chake.

Sasa kituko. Mwaka huu wao ndio wanaolianzisha kwenye grupu. Wanamwambia kila mtu ile ilikuwa safari nzuri kuliko zote. Wameshaanza kubishana rangi ya sare, eti mwaka huu tushone madera ya kufanana tukapigie picha Ngome Kongwe. Na wote wananiandikia, "Mwenyekiti, tiketi vipi?"

Mimi sitaki, Shangazi. Nataka kwenda peke yangu, au na mfanyakazi mwenzangu mmoja ambaye naye ni mtu wa filamu, mtulivu. Nimefikiria niwaambie bosi kaninyima ruhusa, halafu nivuke kimya kimya. Dada yangu anasema uongo wa aina hiyo hauna dhambi. Mama anasema filamu zipo kila siku, watu hawapo kila siku. Wewe unasemaje?

Mpenda Sinema, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Dogo au kubwa, nimelisoma mara mbili, na hapo kwenye kope nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuangalia kuna nini. Nianze na jibu, maelezo yafuate: nenda nao, ila usiwape siku nzima. Na huo uongo wa bosi uache.

Uuache kwanza kwa sababu hautafika popote. Unamtoroka mtu mwenye saluni! Huko ndiko habari za mji zinakopitia kabla hazijafika kwa wenyewe. Halafu unatorokea Mji Mkongwe, wakati wa tamasha, mahali ambapo kila mtu wa tatu ana kamera mkononi. Utakaa kwenye ngazi za Ngome Kongwe umejituliza na mwenzako mtulivu, na kesho yake sura yako iko nyuma ya bega la mtu kwenye picha usiyoijua, na yule wa benki anaikuza kwa vidole viwili: "Jamani, huyu si mwenyekiti?" Hapo ugomvi hautakuwa wa filamu tena. Watu waliolala kwenu msibani, ukawaambia hukupewa ruhusa! Dada yako akuambie vizuri, uongo wa aina gani huo usio na dhambi.

Mama naye nampinga kidogo, kwa heshima zote. Filamu za tamasha hazipo kila siku. Filamu ya kawaida ukiikosa leo utaikuta kwenye king'amuzi, au kijana wa mtaani atakuwekea kwenye flashi. Ile ya makala aliyoitengeneza mtu wa Komoro au Sudan au Mtwara, ikaonyeshwa mara moja saa tano asubuhi mbele ya watu sitini, nyingi ya hizo huzioni tena maishani. Na mtengenezaji wake amekaa viti viwili nyuma yako anasikiliza mnapumua vipi. Kwa hiyo kiu yako ni ya haki, na ukitaka ukumbi ukae kimya una haki vilevile. Asikutoe mtu kwenye hilo.

Ila sasa tuongee kuhusu hao mashosti, maana wewe umenipa kesi ukiwa mshitaki na shahidi.

Hao hawakulelewa kwenye kumbi za kunong'ona. Wamelelewa kama wengi wetu, kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, jasho, na DJ anaingiza Kiswahili chake juu ya Kichina au Kihindi huku watu wanamshauri shujaa asipite njia ile, adui yupo nyuma ya mlango. Pale ukinyamaza watu watakuuliza unaumwa nini. Na kabla ya vibanda kulikuwa na sinema zenyewe. Kwa Unguja peke yake walikuwa nazo Majestic pale Vuga, Empire pale Darajani, na Sultana ya Malindi iliyokuja kuitwa Cine Afrique. Waulize wazee wa huko Jumapili ilikuwaje: watu wanavaa, wanajitia marashi, familia nzima inakwenda kuona filamu ya Kihindi na kuonwa. Waliimba na nyimbo, walilia kwa sauti, na walipotoka waliizungumza wiki nzima. Kope za shosti wako zina ukoo mrefu mwanangu. Anakwenda sinema kama bibi zake walivyokwenda.

Sikwambii uvumilie kujibizana na filamu ya makala. Huo ukumbi una desturi zake, na mtu mzima anaweza kuelezwa mlangoni, kwa upole, kabla hamjaingia: humu simu tunazima, maneno tunayaweka mpaka taa ziwake. Je, uliwahi kuwaambia? Kwenye barua yote sioni. Naona ulitoa nakala za ratiba, halafu ukajifanya hupo nao.

Na hilo swali lake! Hapo nakupinga moja kwa moja. "Yule dada mmemuua kwa nini, kosa lake nini?" Mwanangu, mtu katumia miaka ya maisha yake kutengeneza filamu, na anayemuuliza kuhusu mwanga atampata kila mji. Aliyeumia kwa ajili ya yule dada mpaka akasimama mbele ya watu asiowajua akadai maelezo, huyo ndiye aliyemtengenezea filamu. Ukumbi ulicheka, sawa, lakini hukuniambia mtengenezaji alijibu nini. Nina hakika alijibu kwa urefu. Uliyasikia, au bado ulikuwa unaisubiri ardhi ikumeze?

Tuje kwenye ratiba yako ya kalamu ya kijani. Onyesho la asubuhi, la mchana, mazungumzo, alasiri, na usiku tena. Hiyo ni siku ya jaji wa tamasha, naye analetwa, analazwa na kulishwa ili aifanye kazi hiyo. Mtu mwenye mapenzi kama yako anaweza. Mwalimu aliyetoka kufundisha wiki nzima darasa lililofurika watoto, ukamweka gizani kwenye kiti saa nne asubuhi, analala. Wala si dharau, ni mwili.

Tamasha lenyewe halikuundwa hivyo. ZIFF lilipoanza mwaka 1998 lilijiita Tamasha la Nchi za Jahazi, na tangu hapo zawadi yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Filamu ndiyo moyo wake, ila pembeni kumekuwa na muziki, mijadala, mambo ya wanawake, hata maonyesho ya kupelekwa vijijini kwa watu ambao hawatafika mjini. Mtu anaruhusiwa kuingia na kutoka. Anaweza kuona filamu moja kwa siku, akasikiliza ngoma jioni, akala pweza Forodhani, na akawa amehudhuria tamasha sawasawa na wewe uliyeona nyingi. Ndiyo maana mashosti zako wanaiita safari nzuri kuliko zote wakati wewe unaikumbuka kwa uchungu. Hawakudanganyi. Mlikwenda kwenye tamasha mbili tofauti kwa boti moja.

Kwa hiyo mwaka huu igawe siku. Asubuhi iwe yako. Amka mapema, mwache wa saluni na kioo chake, nenda kwenye filamu ya makala na huyo mfanyakazi mwenzako mtulivu. Mwalike naye, kwani kuna ubaya gani? Utakuwa na wa kujadiliana naye mwanga na mandhari, na wale wengine hawatapungukiwa kitu. Waambie tu jana yake usiku: mimi kesho mpaka saa saba msinitafute.

Mchana chagueni onyesho moja la kuona wote, na hapo usichague unachokipenda wewe. Kwa watu kama wako napendekeza kipindi cha filamu fupi. Ikiwa moja haikumnogea mtu, baada ya dakika kumi au kumi na tano imekwisha na nyingine inaanza. Hakuna muda wa kukoroma. Na katika mafungu hayo mara nyingi kuna vijana wa huku huku, Dar, Unguja, Nairobi, wanaosema Kiswahili, wenye vituko ambavyo shosti wako anavijua kutoka mtaani kwake. Ama tafuta filamu yenye mlango ambao wameshaupita. Amil Shivji alipoitoa Vuta N'kuvute kwenye filamu mwaka 2021, watu ambao hawajawahi kukanyaga tamasha walitaka kuiona kwa sababu riwaya ya Adam Shafi waliisoma sekondari. Walitaka kuona Yasmini, yule msichana wa kwenye riwaya, ana sura gani. Huyo mwalimu wako angekaa macho yote mawili, na angekusahihisha walipobadilisha. Soma ratiba ikitoka, utafute ya namna hiyo, na mazungumzo ya baadaye kaeni wote. Mwache aulize.

Alasiri waende zao kupiga picha. Usinune. Wewe nenda kwenye filamu yako ndefu.

Kisha jioni. Ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe hauwezi kuonyesha filamu mpaka giza liingie, na huko jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Hapo pana mwanya ambao tamasha limekupa bure: alasiri imeisha, usiku haujaanza, adhana ya Magharibi inapita, na Forodhani iko mbele ya Ngome, mnavuka barabara tu. Huo ndio wakati wa kula pamoja. Lakini msiahidiane "Forodhani". Forodhani saa hiyo watu wamejaa, moshi wa mishikaki umetanda, kila meza ina taa yake na kila mpishi anakuita dada njoo uonje. Ahidianeni mlango wa Ngome, ambao hauhami, tena kabla ya saa ya kula. Na kila mtu atembee na chaja ya mkononi. Picha zinakula chaji, hilo umeshaliona.

Hesabu ya chakula msiingoje ije. Kabla hamjaanza kuonja, kila mmoja atoe kiasi kilekile, kikusanywe na mmoja. Mkabidhi wa benki. Anajua kuhesabu hela za watu, na mwenye kushika mfuko hapati nafasi ya utani wa "alipe mwenye safari yake". Utani ule nakubaliana nawe ulikuwa mbaya. Ulitakiwa umwambie palepale, "Hapana shoga, kila mtu alipe lake," ukaendelea kutafuna.

Elfu arobaini ya kitanda idai. Leo, kwake peke yake, si kwenye grupu, na usiichanganye na kope wala swali wala kuondoka katikati ya filamu. Deni ni deni. Mwandikie: "Mpenzi, nataka kuweka chumba cha mwaka huu, ile elfu arobaini ya mwaka jana nitumie kwenye simu." Basi. Mwenye saluni anapokea hela kila siku, hawezi kukosa. Amesahau, au anajidai amesahau kwa kuwa hujamkumbusha. Na mwaka huu usimlipie mtu boti. Kila mmoja akate tiketi yake kwa jina lake na kitambulisho chake. Uenyekiti wa kutanguliza hela za watu wazima wenye mishahara umeuvaa mwenyewe, uvue.

Sasa usiku, na hapa sicheki.

Dada wa miaka 27 anabaki peke yake kwenye onyesho la usiku katika mji asioujua vichochoro vyake, wenzake watatu wameshakwenda kulala. Hapo nimewakasirikia wote wanne. Wao kwa kukuacha, wewe kwa kuwaachia waondoke bila kukubaliana unarudije. Mji Mkongwe una watu waungwana sana, na mzee wa barazani ni ushahidi, lakini vile vichochoro hata wenyeji wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, hupotea. Hakuna filamu inayostahili mtu kuzunguka milango ileile usiku huku moyo unamwenda mbio. Sheria ya usiku iwe moja: anayebaki anabaki na mwenzake, na wawili hao wanarudi pamoja. Kama huyo mfanyakazi mwenzako atakwenda, tatizo limeisha, ninyi wawili mtakaa mpaka majina yote yapite. Kama hatakwenda, kubaliana na mmoja wao mapema. Nadhani mwalimu, akilala mchana vizuri, atakubali. Au tafuteni chumba Shangani au Hurumzi, karibu na Ngome, hata kama ni ghali kidogo, njia iwe fupi na mmeipita mchana mkaijua.

Kuhusu malalamiko ya ngazi, hapo nipo upande wao. Ni mawe. Ile ni ngome waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Aliyeijenga hakuwa anafikiria makalio ya mashosti zako. Tamasha mara nyingi huangukia wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unatoka baharini na usiku unapenya. Ukiwa umekolea filamu huusikii, asiyekolea anausikia peke yake. Chukueni kanga doti mbili mbili: moja ya kukunja ukakalia, moja ya kujitanda. Na sweta. Ninawajua watu walioacha filamu nzuri kwa sababu ya baridi tu, wakasema ilikuwa mbaya.

Jambo la mwisho ni hilo ambalo hamkulizungumza. Mmekaa mwaka mzima wao wakidhani mlifurahi, wewe ukidhani wanajua uliumia. Usiwaandikie barua ndefu kama uliyoniandikia mimi. Wataisoma kama hukumu na kila mmoja atatafuta mstari wake. Wakutane uso kwa uso siku moja, hata pale saluni, uwaambie mawili tu: kuniacha usiku kuliniogopesha, na ule utani wa kulipa uliniuma. Hayo ya tochi, kukoroma na kujibizana na filamu yaache yawe vichekesho vyenu, maana kwa kweli ni vichekesho. Nimeyasoma mimi nisiyewajua nikacheka.

Ukimaliza kuonana nao, kwenye grupu weka ujumbe kama huu:

"Mashosti, ZIFF mwaka huu twende. Kila mtu akate tiketi yake. Chumba nitatafuta mimi, mnitumie hela kabla sijalipia. Asubuhi nina filamu zangu, mchana tunaona moja wote, saa kumi na mbili mlango wa Ngome tukale, usiku hakuna kuachana. Kuna mwenzangu wa kazini anakuja, mtampenda. Madera sina ubishi ila yasiwe meupe, tutakalia mawe."

Utume kabla hawajapeleka kitambaa kwa fundi.

Shangazi